Nchi ndogo kuliko Ukerewe na sheria iliyopitishwa Munyonyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mikataba ya kimataifa, maswali hayaishii darasani. Wazazi wananisimamisha njiani Igogo, vijana wananifuata hadi kwenye kivuko, na mama ninayenunua kwake dagaa pale Mwaloni Kirumba ana swali jipya kila Jumamosi. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Mwalimu, kwa nini unaanza na Liechtenstein? Ni nchi kweli hiyo?

Ni nchi, yenye bunge lake, mtawala wake, na kiti chake Umoja wa Mataifa tangu 1990. Iko kati ya Uswisi na Austria, na eneo lake ni kilomita za mraba 160. Kisiwa cha Ukerewe, hapa kwetu Ziwa Victoria, peke yake kina kama 530. Zipange Liechtenstein tatu juu ya Ukerewe, na bado utabakiwa na mahali pa kulima mihogo. Watu wake ni kama 40,000, wakati wilaya ya Ukerewe ina zaidi ya laki tatu. Haina uwanja wa ndege, na jeshi lake ililivunja mwaka 1868.

Naanza nayo kwa sababu wanafunzi wangu huingia darasani wakiamini kwamba sheria za dunia hutungwa na wenye manowari, na wengine tuliobaki kazi yetu ni kuitikia. Liechtenstein iliridhia Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, tarehe 2 Oktoba 2001, mahakama yenyewe ikiwa bado haijaanza kazi. Tangu hapo imekuwa ikiibeba kazi hii kwa bidii ambayo mataifa mengi makubwa hayajawahi kuionyesha. Mwanafunzi akilielewa hilo, mengine yote yanakuwa mepesi kumweleza.

Ulisema sheria mojawapo ilipitishwa kando ya ziwa letu. Wapi?

Munyonyo, pembezoni mwa Kampala, ng'ambo ya maji haya haya unayoyaona ukisimama Capri Point. Kuanzia tarehe 31 Mei hadi 11 Juni 2010 nchi wanachama wa Mkataba wa Roma zilikutana pale kuupitia upya. Swali gumu lilikuwa moja: kiongozi anayeamuru jeshi lake livamie nchi nyingine bila haki, je, ashtakiwe yeye kama mtu? Huko Roma mwaka 1998 kosa hilo lilitajwa tu kwa jina. Tafsiri yake haikukubaliwa, wala haikuelezwa mahakama ingelishughulikia vipi, kwa hiyo lilibaki kama nyumba yenye msingi isiyo na kuta.

Aliyekalia kiti cha mkutano Munyonyo alikuwa Christian Wenaweser, balozi wa Liechtenstein katika Umoja wa Mataifa, ambaye wakati huo alikuwa rais wa Mkutano wa Nchi Wanachama. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza kwa miaka kadhaa kikundi kilichoandaa tafsiri ya kosa hilo. Siku ya mwisho, 11 Juni, Afrika nzima ilikuwa inatazama mpira: ndiyo siku Siphiwe Tshabalala alipofunga bao la kwanza la Kombe la Dunia kule Johannesburg. Munyonyo majadiliano yaliendelea mpaka usiku wa manane ukapita, na makubaliano yakapatikana bila kupiga kura.

Nikiwaeleza wanafunzi habari hii huwa nawapeleka dirishani. Ziwa linaonekana kutoka darasani kwetu.

Kutia saini na kuridhia si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Fikiria posa na ndoa. Anayepeleka posa ameonyesha nia mbele ya watu, na ni aibu kwake kwenda kinyume na nia hiyo, lakini bado si mume wa mtu. Kutia saini ndiyo posa. Kuridhia ndiyo ndoa, maana hapo nchi inafungwa na kila kilichomo kwenye mkataba.

Tanzania ilitia saini Mkataba wa Roma tarehe 29 Desemba 2000 na kuuridhia tarehe 20 Agosti 2002. Kwetu kuridhia ni kazi ya Bunge, kwa mujibu wa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Hii ndiyo sababu nawaambia vijana wasimwulize mbunge barabara peke yake.

Baada ya ndoa kuna kuendesha nyumba. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria kama wetu, mkataba ulioridhiwa haumfikii hakimu mpaka itungwe sheria ya ndani inayoyataja makosa yale na kueleza mtuhumiwa atakamatwaje. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2008, Uganda mwaka 2010. Nchi inayoridhia bila kutunga sheria ina cheti cha ndoa kabatini, na nyumba haina jiko.

Ni makosa gani yanayohusika? Hata wizi wa nyavu?

Wizi wa nyavu ni wa polisi na mahakama ya mwanzo. Mkataba wa Roma unashughulikia makosa manne tu: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita, na uhalifu wa uvamizi. Anayeshtakiwa ni mtu, aliyekuwa na miaka 18 au zaidi alipotenda. Ukubwa wa cheo haumkingi. Na mahakama haigusi jambo lolote lililotokea kabla ya tarehe 1 Julai 2002.

Basi Idi Amin angeshtakiwa kwa Vita vya Kagera?

Swali hili niliulizwa na mzee mmoja aliyekuwa mpiganaji, na nilijipa wiki nzima kabla ya kumjibu, kwa kuwa hakuwa anauliza kwa kujifurahisha.

Tuanze na kilichotendeka. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Yaliua raia, yakapora ng'ombe, yakavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera sasa ni ya Uganda. Ukisoma tafsiri iliyopitishwa Munyonyo, utadhani waandishi walikuwa na picha ya Kyaka mezani. Inamlenga mtu mwenye uwezo wa kuongoza siasa au jeshi la nchi, anayepanga au kuanzisha uvamizi ambao kwa aina yake, uzito wake na ukubwa wake unavunja waziwazi Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kuvamia kwa jeshi kumetajwa humo. Kutwaa ardhi ya wengine kwa nguvu pia, kushambulia kwa mabomu pia, na hata kuzingira bandari.

Lakini sheria hii hairudi nyuma. Mahakama ilipata mamlaka juu ya kosa la uvamizi tarehe 17 Julai 2018 tu, miaka 40 baada ya Kyaka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, Amin akakimbia, akaishia Saudi Arabia, na huko akafa Agosti 2003 bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Mzee alinisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo sisi tulimwondoa, lakini hakuna aliyemwuliza?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, mzee wangu.

Naongeza jambo moja, maana sipendi kuwadanganya watu. Hata leo kosa la uvamizi ndilo lenye mlango mwembamba kuliko yote manne. Raia wa nchi isiyo mwanachama hashtakiwi kwalo, isipokuwa suala lipelekwe na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nchi zenye majeshi makubwa zilihangaika sana kuubana mlango huo, na zilifanikiwa.

Nchi isiyo na jeshi inapata nini kwa kuhangaika na haya yote?

Inapata ulinzi wa aina pekee inayoweza kuumudu. Nchi yenye vifaru inaweza kuudharau mkataba na ikaendelea kulala usingizi. Nchi ya watu 40,000 iliyopakana na wakubwa haina kifaru cha kuweka mpakani. Kilichoko mpakani ni sheria, na sheria hiyo ina nguvu kwa kadiri wengine wanavyoizoea na kuiogopa.

Ndiyo maana tarehe 8 Mei 2012 Liechtenstein ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuyaridhia marekebisho ya Munyonyo kuhusu uvamizi. Angalia waliofuata: Samoa, kisha Trinidad na Tobago. Visiwa, visiwa. Botswana ilikuwa ya kwanza Afrika, mwaka 2013. Zilihitajika nchi 30, na hesabu ikatimia mwaka 2016.

Trinidad na Tobago isipitwe haraka hivyo. Mwaka 1989 wazo la mahakama ya namna hii lilikuwa limelala Umoja wa Mataifa kwa miongo kadhaa. Aliyeliamsha alikuwa waziri mkuu wa visiwa hivyo, Arthur Robinson. Na nchi ya kwanza kabisa kuridhia Mkataba wa Roma, Februari 1999, ilikuwa Senegal.

Lakini kusaini karatasi ni rahisi. Umeona wapi nchi ndogo ikisogeza jambo?

Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni Syria. Mei 2014 lilipelekwa pendekezo katika Baraza la Usalama kwamba uhalifu wa vita ile ufikishwe kwenye mahakama ile ya Mkataba wa Roma, iliyoko The Hague, Uholanzi. Urusi na China zikapiga kura ya turufu, yaani kura ya kuzuia, likafa. Wengi waliishia hapo. Liechtenstein, ikishirikiana na Qatar, ikalizunguka Baraza la Usalama na kwenda Baraza Kuu, ambako hakuna turufu. Tarehe 21 Desemba 2016, kwa kura 105 dhidi ya 15, na nchi 52 zikijizuia, kikaanzishwa chombo cha kukusanya na kuhifadhi ushahidi wa makosa yaliyotendwa Syria. Hakina hakimu wala mahabusu. Kazi yake ni kutunza majalada yasioze, na kuwapa waendesha mashtaka wa nchi zilizo tayari kushtaki. Mahakama za Ulaya zimeutumia msaada huo.

Aprili 2022 Baraza Kuu likapitisha azimio jingine lililoletwa na Liechtenstein: kila turufu ikipigwa, Baraza Kuu likutane ndani ya siku kumi za kazi kulijadili. Turufu haijafutwa, ila aliyeipiga sasa anaitwa kujieleza mbele ya wote.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa sababu unapita Arusha. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo. Gambia haipakani na Myanmar, na haikuwa imeguswa na vita ile. Ilisimama kwa sababu nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari wa 1948, na Gambia ikasema kwamba ahadi ya mkataba ule hupewa dunia nzima, si jirani tu. Tarehe 23 Januari 2020 majaji waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki na isiharibu ushahidi.

Aliyekuwa nyuma ya kesi ni Abubacarr Tambadou, waziri wa sheria wa Gambia wakati huo. Kabla ya uwaziri alifanya kazi miaka mingi katika Mahakama ya Kimbari ya Rwanda pale Arusha, upande wa mashtaka. Alipowasikiliza wakimbizi wa Kirohingya kule Bangladesh mwaka 2018, alitambua anachosikia, kwa kuwa alishakisikia kwa mashahidi wa Rwanda. Mgambia mwingine, Hassan Jallow, alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama hiyo ya Arusha kuanzia 2003 hadi ilipofungwa. Wa tatu, Fatou Bensouda, naye alipita Arusha kabla ya kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa The Hague kuanzia 2012 hadi 2021. Mbegu ilipandwa kwetu, na nasikitika kwamba vijana wetu wengi hawalijui jambo hili.

Mahakama ya Arusha, ya The Hague, ya Afrika... zote ni moja?

Ni tofauti, na hata watangazaji huzichanganya. Ile inayofupishwa ICC, iliyoko The Hague, hushtaki watu kwa makosa manne niliyoyataja. Ile ya Gambia na Myanmar pia iko The Hague, ila ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nayo huamua kesi kati ya nchi na nchi, haimfungi mtu. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilianzishwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ikakaa Arusha, ikafungwa mwisho wa 2015, na shughuli zilizobaki zikachukuliwa na chombo kingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha pia, lakini si ya jinai.

Mauaji ya kimbari ya Rwanda yana uhusiano gani na sisi watu wa ziwa?

Mto Kagera ndio uhusiano. Unatoka huko, unapita Rusumo, unapita Kyaka, na unamwaga maji yake katika ziwa hili, upande wa Uganda karibu kabisa na mpaka wetu. Mwaka 1994 uliwaleta waliouawa. Maelfu ya miili iliokotwa kwenye fukwe za Uganda, na wavuvi ndio walioivuta kutoka majini na kuizika, huko Kasensero na kwingineko, ambako makaburi ya pamoja yapo hadi leo. Samaki walikosa wanunuzi.

Wakati huo huo, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, ndani ya takriban saa 24. Waliokimbia kuuawa walikuwamo, na baadhi ya waliokuwa wameua walikuwamo pia, wakipanga foleni moja ya maji.

Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya Wazungu wa The Hague, namwuliza ziwa hili ni la nani. Hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa ilisomwa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Humo ndimo iliposemwa kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza kimbari. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ile ya mauaji, akafungwa maisha baada ya kukiri.

Mkosaji akiwa hapa nchini, nani mwenye haki ya kwanza kumshtaki?

Nchi yenyewe. The Hague huingia pale nchi isipotaka kushtaki kwa dhati, au isipoweza. Na si mahakama ya rufaa, kwamba ukishindwa hapa uende kule. Uganda ina kitengo cha Mahakama Kuu cha makosa haya, na Oktoba 2024 kilimfunga Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA, waasi wa kaskazini mwa Uganda, miaka 40. Mwenzake, Dominic Ongwen, alihukumiwa The Hague miaka 25 mwaka 2021. Njia mbili, waasi wale wale.

Hiyo mahakama si ya kuwaonea Waafrika?

Lalamiko hili lina uzito, na anayelipuuza hajawasikiliza watu. Kwa miaka mingi kila aliyesimama kizimbani alikuwa Mwafrika. Marekani, Urusi na China si wanachama, lakini zinakaa kwenye Baraza la Usalama lenye uwezo wa kuwapeleka wengine huko. Hilo ni kosa la muundo, na sioni namna ya kulitetea.

Upande wa pili, Uganda, Kongo, Afrika ya Kati na Mali zilipeleka masuala yao zenyewe. Na orodha imebadilika: hati ya kukamata ilitolewa dhidi ya Putin Machi 2023, dhidi ya Netanyahu Novemba 2024, na Duterte wa Ufilipino alikamatwa Machi 2025. Mimi nahesabu pia waathirika. Watoto waliofanywa askari Ituri, huko Kongo, ambao kwa ajili yao Thomas Lubanga alifungwa miaka 14, ni Waafrika pia, na baadhi yao wanazungumza Kiswahili.

Nchi inaweza kujitoa?

Inaweza, na kujitoa kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja. Jirani yetu Burundi alitoa taarifa Oktoba 2016, akatoka tarehe 27 Oktoba 2017. Siku mbili kabla, majaji walikuwa wameshatoa kibali cha uchunguzi, kwa hiyo yaliyotendeka wakati wa uanachama hayakufutika. Gambia nayo ilitangaza kujitoa mwaka 2016, chini ya Yahya Jammeh. Rais mpya, Adama Barrow, aliifuta taarifa hiyo mapema 2017, na miaka miwili baadaye nchi hiyo ikaenda kuishtaki Myanmar.

Wanaopatikana na hatia wananyongwa?

Hapana, adhabu ya kifo haimo. Kifungo ni hadi miaka 30, au maisha kwa kosa zito kupita kiasi. Hufungwa katika nchi zilizokubali kuwapokea, na Ongwen alipelekwa Norway.

Nilikimbia vita na niliona mambo. Nifanye nini?

Wapo wanaoishi jijini humu wanaoniuliza hivi kwa sauti ya chini, kutoka Kongo na kutoka Burundi. Mtu binafsi hafungui kesi The Hague, lakini yeyote anaweza kumpelekea mwendesha mashtaka taarifa kwa maandishi. Ofisi huichuja, na nyingi hazifiki mbali, kwa hiyo usikae ukisubiri barua.

Andika sasa hivi, kabla kumbukumbu haijachakaa: tarehe au msimu, mahali, sare walizovaa, lugha waliyozungumza, nani alitoa amri. Tenga ulichokiona kwa macho yako na ulichosimuliwa. Picha iache kama ilivyotoka kwenye simu, usiikate wala kuiongezea rangi, kisha weka nakala mahali pengine. Usitume majina ya mashahidi kwenye makundi ya simu, hata kundi la kanisa au la msikiti, maana jina likishatoka halirudishwi. Wewe unaweza kuwa umefika Mwanza salama, lakini shangazi yako bado yuko Uvira.